B-29: ndege ya Marekani, jiwe la Katanga

  Safari hii tunaandika kuhusu ndege moja tu ya vita. Marekani waliiita B-29, na jina lake la kujigamba lilikuwa Superfortress, yaani ngome kuu.

Wengi wetu tuliijua ndege ya vita kwa mlio wake kabla hatujaijua kwa jina, kwa hiyo hapa hakuna atakayehitaji kufundishwa maana ya kutazama juu na kunyamaza. Hayo tuyaache. Tumeichagua B-29 kwa sababu mbili. Kwanza, bomu lililoifanya ijulikane dunia nzima lilikuwa na kitu cha kwetu ndani yake: jiwe lililochimbwa Katanga, na watu waliokuwa wakiongea Kiswahili kama hiki tunachoandika. Pili, ndege ileile iliyochoma miji, wiki chache baadaye ilikuwa inadondosha chakula kwenye kambi. Haya mawili hayasimuliwi pamoja mara nyingi. Sisi tutayasimulia pamoja.

Tuanze na chombo chenyewe. B-29 ilitengenezwa na kampuni ya Boeing ya Seattle, na ya kwanza iliruka tarehe 21 Septemba 1942. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 43, mwili mita 30, injini nne za nguvu ya farasi 2,200 kila moja, na ndani walikaa watu 11. Iliweza kubeba mabomu hadi tani tisa hivi, ingawa kwa safari ndefu ilibeba kidogo kuliko hapo. Mradi mzima wa ndege hii ulikula kama dola bilioni tatu za wakati ule. Mradi wa bomu la atomiki ulikula kama bilioni mbili. Yaani gari la kubebea lilikuwa ghali kuliko mzigo.

Na ilikuwa ndege yenye matatizo, tusidanganyane. Injini zake zilikuwa zinashika moto. Tarehe 18 Februari 1943, rubani wa majaribio Eddie Allen, mmoja wa marubani wa majaribio waliosifika sana Marekani, alikuwa anairudisha uwanjani ikiwa inaungua. Hakufika. Ndege iliangukia kiwanda cha nyama hapohapo Seattle. Wote 11 waliokuwa ndani walikufa, na wengine kama 20 waliokuwa chini, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wanatafuta riziki zao. Kwa hiyo watu wa kwanza kuuawa na B-29 walikuwa Wamarekani. Pamoja na hayo kazi haikusimama, maana vita havisubiri. Mpaka mwisho zilitengenezwa karibu 3,970.

Jambo moja lilikuwa jipya kwelikweli. Juu sana hewa ni nyepesi na baridi ni kali, na wanajeshi wa ndege nyingine walivaa barakoa za oksijeni na manguo mazito. Kwenye B-29 hewa ilisukumwa na kubanwa ndani, watu wakapumua kama kawaida wakiwa na mashati tu. Ilikuwa ndege ya kwanza ya mabomu kutengenezwa kwa wingi ikiwa na mpango huo. Baada ya vita Boeing walichukua kazi ya B-29 wakaunda nayo ndege ya abiria, Stratocruiser. Wale wenzetu waliopata bahati ya kuhamishiwa nchi ya tatu, waliokaa saa nane angani wakila biskuti bila kuziba pua, wanapumua ndani ya teknolojia ambayo vita viliisukuma mbele. Hatusemi washukuru vita. Tunasema tu mambo yametoka wapi.

Sasa, vita vyenyewe. Ili mtuelewe vizuri lazima tuseme hili mapema: Japani ilikuwa imeanza. Ilivamia China, na miaka kabla ya B-29 kuruka ndege za Japani zilikuwa zinaupiga mji wa Chongqing mwaka baada ya mwaka. Mamilioni ya Wachina walikuwa wamekimbilia magharibi, na mkoa wa Sichuan ulijaa watu waliokimbia makwao. Hata askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wale wa King's African Rifles, walipelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Baadhi yenu mna babu aliyekuwa huko. Kwa hiyo si hadithi ya mkubwa kumwonea mdogo tu.

Viwanja vya kwanza vya B-29 dhidi ya Japani vilijengwa palepale Sichuan, karibu na Chengdu. Hakukuwa na mashine. Mamia ya maelfu ya wakulima walikusanywa, wengi hawakuulizwa kama wanataka, wakaponda mawe kwa nyundo, wakayabeba kwa vikapu, wakavuta rola kubwa za mawe kwa kamba. Ndege ghali kuliko zote duniani iliruka kutoka kwenye barabara iliyotengenezwa kwa vikapu. Petroli yote ilitoka India, ikavushwa kwa ndege juu ya milima ya Himalaya, na B-29 ililazimika kwenda na kurudi mara kadhaa ikibeba mafuta yake yenyewe kabla ya kupata ya kutosha kwenda kupiga mara moja. Juni 1944 walipiga kiwanda cha chuma cha Yawata, uharibifu ukawa mdogo mno. Ukiuliza sisi, mpango wa China ulikuwa hasara.

Mambo yalibadilika Marekani walipoteka visiwa vya Saipan, Tinian na Guam katikati ya mwaka 1944. Kutoka huko mpaka Tokyo ni kama kilomita 2,400, na meli ziliweza kuleta mafuta na mabomu moja kwa moja. Tarehe 24 Novemba 1944 B-29 ziliipiga Tokyo kutoka visiwani kwa mara ya kwanza. Zililenga viwanda vya ndege, kutoka juu sana, mchana. Hazikufanikiwa. Huko juu kulikuwa na upepo mkali ajabu uliosukuma mabomu kila upande, na mawingu yalifunika karibu kila siku.

Januari 1945 alikuja kamanda mpya, Jenerali Curtis LeMay. Huyu alibadilisha kila kitu. Alisema ndege zishuke chini, mita 1,500 hadi 2,800 hivi, ziende usiku, zitolewe bunduki nyingi ili zibebe mzigo zaidi, na mzigo wenyewe uwe wa moto. Mabomu madogo ya napalmu, maelfu kwa maelfu. Na shabaha sasa ikawa mitaa yenyewe, ile ya mashariki ya Tokyo waliyoishi watu wa kipato cha chini, kwenye nyumba za mbao na karatasi, zimebanana kama mabanda yetu yanavyobanana. Hoja yao ilikuwa kwamba karakana ndogondogo za vita zilikuwa ndani ya nyumba hizo. Ilikuwa kweli kwa sehemu. Lakini moto hauchagui karakana ukaacha kitanda cha mtoto.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, B-29 zipatazo 279 zilifika juu ya Tokyo zikiwa na zaidi ya tani 1,600 za mabomu ya moto. Upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu usiku ule. Kwa muda wa kama saa tatu hivi kilomita za mraba 41 za mji ziliungua. Watu walikimbilia mto Sumida na mifereji yake, wakakuta daraja limejaa watu na moto uko pande zote mbili. Wengine walikufa majini, wengine walikosa hewa kwenye mahandaki waliyoambiwa ni salama. Wanafunzi wa darasa la mwisho la shule ya msingi, waliokuwa wamehamishwa vijijini mwaka uliotangulia, walikuwa wamerudi mjini kwa ajili ya mahafali yao. Rubani mmojammoja walisimulia baadaye kwamba harufu ya watu wanaoungua iliwafikia ndani ya ndege.

Makadirio yanayotajwa sana ni watu 100,000 waliokufa usiku huo mmoja, na zaidi ya milioni moja waliobaki bila nyumba. Tulisoma hiyo milioni moja mara mbili. Sisi tunaoishi kwa kadi ya mgao tunajua maana ya mtu mmoja kukosa paa: turubai, blanketi, sufuria, foleni. Chukua kambi kubwa kuliko zote unazozijua, uizidishe, uizidishe tena, halafu ijaze yote kabla jogoo hajawika. Marekani walipoteza ndege 14 usiku ule. Baada ya Tokyo zikafuata Nagoya, Osaka, Kobe, na baadaye miji midogo ambayo hata mwanafunzi wa jiografia hajawahi kuisikia. Zaidi ya miji 60 iliunguzwa.

LeMay mwenyewe alikuja kukiri kwamba kama Marekani ingeshindwa, yeye angeshtakiwa kwa uhalifu wa kivita. Na la kushangaza zaidi: mwaka 1964 serikali ya Japani yenyewe ilimpa nishani ya juu, kwa kusaidia kujenga jeshi lao jipya la anga. Walionusurika Tokyo walikuwa hai, wakiyaona hayo. Serikali haikuwalipa fidia raia waliounguzwa. Jumba la kumbukumbu ya shambulio la Tokyo lilifunguliwa mwaka 2002 kwa michango ya watu binafsi, baada ya mwandishi Katsumoto Saotome, aliyenusurika usiku ule akiwa na miaka 12, kuhangaika miaka mingi.

Kulikuwa pia na kazi nyingine ya B-29 isiyotajwa sana. Kuanzia mwisho wa Machi 1945 zilianza kudondosha mabomu ya majini, kama 12,000, kwenye bandari na milango ya bahari ya Japani ili meli za chakula na mafuta zisipite. Meli kama 670 zilizama au kuharibika. Mpango huo wenyewe waliuita "Starvation", yaani njaa. Hawakuzungusha maneno. Leo, wanaofunga barabara ili unga usipite, hao huwasikii wakiita mpango wao kwa jina lake.

Haya, sasa twende Katanga.

Mwaka 1915, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, ulipatikana mwamba wa ajabu mahali paitwapo Shinkolobwe. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ilianza kuuchimba kwa ajili ya radiamu, iliyokuwa inauzwa kwa bei kubwa hospitalini Ulaya. Urani ilikuwa kama makapi tu. Lakini jiwe la Shinkolobwe halikuwa na mfano duniani. Kwingine kama Marekani na Kanada, jiwe lenye urani chini ya asilimia moja lilihesabiwa kuwa jiwe la kazi. La Shinkolobwe lilifika asilimia 65. Agosti 1939, barua maarufu iliyosainiwa na Albert Einstein kwenda kwa Rais Roosevelt ilitaja Kongo ya Wabelgiji kama chanzo muhimu kuliko vyote vya urani. Kongo ilikuwa kwenye karatasi ile tangu siku ya kwanza.

Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshaonywa kwamba jiwe hilo lisianguke mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 aliamuru zaidi ya tani 1,200 zisafirishwe, zikavushwa bahari ya Atlantiki, zikawekwa kwenye ghala Staten Island, New York. Zilikaa pale, kwenye mapipa, karibu miaka miwili bila mtu kuziuliza. Septemba 1942 ofisa wa jeshi, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwa Sengier kutafuta urani akifikiri ni safari ndefu inaanza. Akaambiwa mzigo uko hapahapa mjini. Mkataba uliandikwa kwenye kipande cha karatasi siku hiyohiyo. Kisha wahandisi wa jeshi la Marekani walikwenda kuufungua upya mgodi uliokuwa umejaa maji, na tani nyingine nyingi zikafuata. Sehemu kubwa ya urani yote ya mradi wa bomu ilitoka kwetu.

Nani alichimba? Hapo vitabu vingi huwa vifupi ghafla. Waliochimba ni Wakongo, watu walioletwa Katanga kutoka Kasai, Maniema, na kwingine, na hata kutoka Rwanda na Burundi, wakaishi kwenye kambi za kampuni. Ndiyo, ziliitwa kambi. Lugha ya kambi hizo ilikuwa Kiswahili. Humo ndimo Kiswahili cha Katanga kilipokulia. Jiwe lilichambuliwa kwa mikono. Hakuna aliyewaambia linakwenda wapi wala linafanya nini mwilini, na jina la Shinkolobwe likafichwa kwa miaka mingi.

Wakati ule serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza "juhudi za vita". Siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka: mpira, mawese, pamba. Mijini bei zilipanda na mshahara ukabaki palepale. Desemba 1941 wachimbaji wa Union Minière waligoma. Huko Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba askari wakawafyatulia risasi. Walikufa makumi, akiwemo kiongozi wao, karani Léonard Mpoyi. Angalieni tarehe. Japani ilikuwa imeipiga Pearl Harbor siku mbili tu kabla yake. Shuleni tarehe 7 tuliisoma wote. Ya tarehe 9 ni wangapi walifundishwa?

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Japani, B-29 iliyorushwa na Paul Tibbets kutoka Tinian ilidondosha bomu juu ya Hiroshima. Ndege hiyo Tibbets aliipa jina la mama yake mzazi, Enola Gay. Kila mtu na mila zake, ila kwetu jina la mama huandikwa kwenye mtumbwi, kwenye bodaboda, kwenye kibanda cha kuuza vocha. Ndani ya bomu kulikuwa na kama kilo 64 za urani, na iliyopasuka kweli haikufika kilo moja. Lililipuka mita kama 580 juu ya mji. Mpaka mwisho wa mwaka inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa. Kati yao walikuwemo maelfu ya Wakorea, wengi wakiwa wamepelekwa Japani kufanya kazi kwa lazima. Hao walikuwa wakimbizi wa aina yao: waling'olewa kwao, kisha wakafia ugenini kwenye vita visivyo vyao, na baada ya hapo walipigania miaka mingi watambuliwe kuwa nao waliumia.

Siku tatu baadaye B-29 nyingine, Bockscar, ikiongozwa na Charles Sweeney, ilikwenda kupiga Kokura. Mji ulikuwa umefunikwa na mawingu na moshi. Wakazunguka, mafuta yakawa yanaisha, wakageukia Nagasaki. Watu kama 70,000 walikufa kufikia mwisho wa mwaka kwa sababu ya wingu lililokaa juu ya mji mwingine. Bomu hilo la pili lilikuwa la plutoni, na plutoni hutengenezwa kutokana na urani. Mjapani mmoja, Tsutomu Yamaguchi, alikuwa Hiroshima kikazi tarehe 6, akaungua, akapanda treni kurudi kwao Nagasaki, na tarehe 9 bomu likamkuta ofisini akiwaeleza wenzake alichokiona. Aliishi hadi mwaka 2010.

Je, mabomu haya ndiyo yaliyomaliza vita? Wanahistoria bado wanabishana. Wapo wanaosema bila hayo uvamizi wa Japani ungeua mamia ya maelfu zaidi, pamoja na Waasia waliokuwa wanakufa kila siku chini ya utawala wa Japani. Wengine wanakumbusha kwamba Umoja wa Kisovieti uliingia vitani usiku wa tarehe 8 Agosti, na kwamba hilo liliwatisha watawala wa Tokyo kama bomu, pengine zaidi. Sisi tunaona yote mawili yalichangia, na tunaona pia kwamba swali hili huulizwa sana kwa ajili ya Agosti na mara chache sana kwa ajili ya Machi, ingawa Tokyo usiku ule walikufa watu wengi kuliko Nagasaki. Tarehe 15 Agosti mfalme wa Japani alitangaza kusalimu amri kwenye redio.

Sasa sehemu ambayo tuliwaahidi, hasa nyinyi wa mashirika.

Vita vilipokwisha kulikuwa na mateka wa vita makumi ya maelfu, Waingereza, Waholanzi, Waaustralia, Wamarekani na wengine, kwenye kambi zilizotapakaa Japani, China na Korea. Walikuwa mifupa mitupu. Meli na madaktari wangechelewa kuwafikia. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Agosti 1945 B-29 zilijazwa chakula, dawa na nguo. Kambi ziliambiwa ziandike herufi PW kubwa juu ya mapaa ili marubani wazione. Kwa wiki chache zilidondosha tani 4,470 hivi, kwa mateka kama 63,500.

Na kazi ile haikwenda vizuri kama picha za magazeti zilivyoonyesha. Mzigo ulifungwa kwenye mapipa ya mafuta, mawili yamechomelewa pamoja, yakaning'inizwa kwenye miavuli isiyoweza uzito huo. Miavuli ilichanika. Mapipa yalishuka kama mawe, yakatoboa mapaa, yakavunja nyumba za Wajapani jirani. Wapo mateka waliovumilia miaka mitatu ya njaa na kipigo, halafu wakauawa na pipa la matunda ya kopo wakiwa tayari huru. Wengine walikula kwa pupa wakaugua vibaya, maana tumbo lililokauka halipokei ghafla. Wauguzi wa vituo vya lishe hapa wanalijua hilo vizuri, ndiyo sababu wanaanza na maziwa kidogokidogo huku mama analalamika kwamba mtoto ananyimwa. Ndege nane zilipotea katika kazi hiyo, na wanajeshi 77 walikufa wakipeleka chakula, wakati vita vimeshakwisha.

Tunaiona hii kuwa sehemu muhimu kuliko zote za rekodi ya B-29, na ndiyo inayotajwa kidogo. Mashine ni ileile, marubani ni walewale, milango ya tumboni ni ileile. Aliyekaa chini akiitazama ikija Julai na aliyekaa chini akiitazama ikija Septemba waliona umbo lilelile. Tofauti ilikuwa amri iliyoandikwa ofisini. Na mtu wa chini, awe wa Osaka au wa kambi ya mateka, hakuna aliyemuuliza lolote, si kwa mabomu wala kwa mapipa. Anayepanga msaada leo angefaa kukaa na hilo pipa kichwani kidogo.

Yaliyobaki tutayapitia haraka. Mwaka 1944 B-29 tatu zilizoishiwa nguvu zilitua Vladivostok, na Wasovieti, ambao wakati huo hawakuwa na vita na Japani, walizizuia. Wanajeshi wake walifungiwa kambini karibu na Tashkent, kisha mapema mwaka 1945 wakavushwa kimyakimya kupitia Iran, na wakaonywa wasimwambie mtu. Hata Wamarekani walishavuka mpaka kwa mtindo huo. Ndege zao zilifunguliwa msumari kwa msumari na kuigwa. Tu-4 iliruka mwaka 1947 na zikatengenezwa zaidi ya 800. Kwenye vita vya Korea, 1950 hadi 1953, B-29 zilipiga miji na mabwawa ya Kaskazini, lakini zilipokutana na ndege za MiG-15 ikaonekana kwamba zimezeeka. Baada ya hasara kubwa ya Oktoba 1951 zikawa zinakwenda usiku tu. Mwaka 1960 ya mwisho iliondolewa jeshini. Leo zinazoweza kuruka ni mbili tu, FIFI na Doc, na watu hulipa kuzipanda kwenye maonyesho.

Enola Gay iko kwenye jumba la makumbusho Virginia, nje kidogo ya Washington. Mwaka 1995 wataalamu wa makumbusho walitaka kuionyesha pamoja na vitu vilivyookotwa Hiroshima na maelezo ya waliokufa. Maveterani na wabunge walikasirika wakisema wanadhalilishwa, maonyesho yakafutwa, mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu, na ndege ikaonyeshwa karibu peke yake. Tunawaelewa wazee wale. Walipoteza wenzao, na kila aliyerudi anataka alichofanya kiwe na maana. Lakini wazee wa Hiroshima nao walirudi na lao. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024, wengi wa waanzilishi wake wakiwa wameshafariki.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946, raia asiye Mmarekani. Wachimbaji wa Shinkolobwe hatujasikia walipewa nini.

Mgodi wenyewe ulifungwa karibu na uhuru, na mashimo makuu yakazibwa kwa zege. Miaka ya tisini kazi za migodi zilipoporomoka, watu walirudi pale na sururu na viroba, safari hii wakitafuta kobalti, maelfu yao, watoto wakiwemo, juu ya udongo uleule wenye mionzi. Januari 2004 amri ya rais iliufunga rasmi. Uchimbaji haukukoma. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu. Agosti kijiji cha Shinkolobwe kikachomwa kwa amri ya wakuu ili wachimbaji waondoke, na waliokuwa wanaishi humo wakatawanyika na mizigo yao kichwani. Miezi michache baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika na vifaa vya kupimia mionzi, wakakuta majivu ya nyumba na mashimo.